Patasi sita za mjomba zilizoambiwa zimekufa

Mwishoni mwa msimu wa korosho uliopita, kijana mmoja wa Mikindani aliingia kibandani kwangu, hapa Vigaeni, Mtwara mjini, amebeba mfuko wa salfa ya mikorosho uliofungwa kwa kamba ya katani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Za Mikindani?"

"Salama. Nimekuletea patasi za mjomba. Nimeambiwa zimekufa, ila nimeona nikuulize kwanza kabla sijawapa watu wa vyuma chakavu."

Mjomba wake alikuwa seremala wa milango na fremu, amefariki miaka minane sasa. Kwa Wamakonde mali ya mjomba njia yake ni kwa mpwa, kwa hiyo kijana alipata patasi, randa mbili na msumeno mmoja. Randa anazitumia hadi leo. Patasi alizitumia kwa mwaka mmoja akazikatia tamaa: akinoa asubuhi, ikifika saa nne haziingii hata kwenye mti laini. Akampelekea fundi mwingine, akazinoa kwenye jiwe la umeme, zikawa mbaya zaidi. Hapo ndipo hukumu ilipotolewa kwamba chuma kimechoka. Zikatiwa kwenye mfuko, zikakaa juu ya dari.

Hukumu hiyo naisikia kila mwezi, na karibu kila mara imetolewa na mtu aliyetazama mdomo wa patasi tu. Mgongo hakuugeuza, mpini hakuutikisa. Ndiyo maana nakiandika kisa hiki kwa kirefu, pamoja na pale nilipokosea mwenyewe.

Zilikuwa sita: ya robo inchi, mbili za nusu inchi (moja nyembamba ya kuparia, moja nene ya kutobolea matundu), ya robo tatu, ya inchi moja, na ya inchi moja na nusu. Nne zilikuwa na muhuri wa Sheffield, na kwenye ile ya inchi moja yalisomeka maneno CAST STEEL. Yule fundi alikuwa amemwambia kijana kwamba maneno hayo maana yake ni chuma cha kumimina, kama cha mguu wa cherehani, ndiyo maana hakishiki makali. Hapo amepotoka. Ni chuma cha pua kilichoyeyushwa ndani ya vyungu vya udongo ili kichanganyike sawasawa, ufundi aliouanzisha Benjamin Huntsman huko Sheffield, Uingereza, katika miaka ya 1740. Kwa zaidi ya karne moja kiwanda kilichogonga muhuri huo kilikuwa kinajisifu. Mguu wa cherehani hauna undugu nacho.

Nyumbani kwao wanasema mjomba alizipata kwa mzee mwenzake aliyefanya kazi kwenye mradi wa karanga. Waingereza walipoanza mradi ule mwaka 1947, Nachingwea ikiwa mojawapo ya maeneo ya kulima, walileta mashine na vifaa vya kila aina, wakajenga bandari hapa Mtwara na reli ya kwenda bara. Mradi ulivunjwa mwaka 1951, na reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kata ya Reli bado tunayo, treni hatuna. Zana za mikono hazikurudi zote kwao. Mapanga, nyundo na patasi za enzi zile bado nakutana nazo vijijini.

Siku ya kwanza sikunoa kitu. Nilizifuta kwa mafuta ya taa, nikazipanga kwenye bao la kazi, nikachukua tupa ndogo iliyo kali.

Tupa ndiyo hakimu wa chuma. Ukiisugua kwenye chuma kigumu inateleza kama juu ya kioo. Kwenye chuma laini inang'ata na kuacha unga. Patasi tano zilitelezesha tupa kuanzia mdomoni hadi karibu nusu ya bapa. Maana yake zilikuwa hai kabisa. Ile ya inchi moja tupa iling'ata mdomoni, lakini nilipoirudisha nyuma kama milimita nne ikaanza kuteleza. Nikaisafisha kwa msasa laini, na pembeni mwa mdomo ukaonekana mkanda wa bluu kama shingo ya njiwa.

Bluu hiyo inasema yenyewe. Chuma cha patasi kikishazimishwa kwa maji au mafuta huwa kigumu mno, kwa hiyo hupashwa moto tena kidogo, nyuzi 200 hadi 230 hivi, hadi uso wake uwe na rangi ya majani makavu. Kikipita hapo kinakuwa kahawia, halafu zambarau, na kikifika karibu nyuzi 300 kinakuwa bluu, na ule ugumu wa kushika makali umekwenda. Jiwe la umeme linazunguka karibu mara 2,900 kwa dakika. Ukiegemeza mdomo mwembamba wa patasi juu yake bila kuchovya maji, sekunde chache zinatosha kuuchoma. Kwa hiyo patasi moja kati ya sita ilikuwa imeungua, tena kwa milimita nne tu. Tano zilihukumiwa kwa kosa la mwenzao.

Basi kwa nini na hizo tano hazikukata? Niligeuza migongo.

Mgongo wa patasi ni ule upande bapa, usio na mteremko. Makali ni mahali mteremko na mgongo vinapokutana, kwa hiyo mgongo ukiwa na mawimbi, au ukiwa umenyanyuka kidogo karibu na mdomo, hata mteremko uunoe mwezi mzima hutapata kitu. Nikasimamisha rula ya chuma mgongoni na kuielekeza mlangoni. Mwanga ukapita chini yake kwenye patasi zote. Kijana alikuwa akizinoa kama kisu, huku mara tatu na huku mara tatu, kwa jiwe lililochimbika katikati kama kiganja. Kisu kinavumilia hivyo. Patasi kila ukiifanyia hivyo mgongo unazidi kuviringika, nayo ikiwekwa juu ya mti inabidi unyanyue mkono ndipo ianze kula. Mkono ukinyanyuka, unachokata si unachokiona.

Halafu kutu. Tatu zilikuwa na vishimo, na nilichokiona cha ajabu ni kwamba vishimo vilikuwa upande mmoja tu. Nilidhani ni chumvi ya bahari, kama kawaida yetu. Ndipo nikautazama ule mfuko. Salfa tunayopulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga haiishi mfukoni hata ukikung'uta, na unga wake ukishapata unyevu unakula chuma vibaya. Patasi zililala juu ya mabaki ya salfa miaka sita, masika hadi masika. Upande uliolala ndio ulioliwa. Mifuko hii kwetu ni ya kila kazi, tunabebea hata mihogo, na sijawahi kuona mtu akiionya nyumba yake kuhusu vyuma.

Mipini nayo ilikuwa na habari zake. Miwili ilikuwa ya mwembe, imepasuka kufuata msuka, ile ncha ya patasi inayoingia ndani ya mti. Miwili ilikuwa ya mti nisioutambua, vichwa vimechanua kama uyoga kwa kugongwa na nyundo ya chuma. Patasi ya inchi moja na nusu haikuwa na mpini kabisa. Ile ya robo tatu ilikuwa na mpini wa zamani, mweusi kwa jasho, na ufa mmoja mfupi. Ilikuwa pia imepinda: ukiishika na kuitazama kwa jicho moja kama mshale, bapa linakwenda kulia. Nikaandika daftarini, "tundu limetobolewa vibaya." Haikuwa kweli, nitalifikia.

Kazi ilianza kwa balaa. Nilimwachia kijana wangu wa kazi patasi tatu zenye vishimo azitoe kutu kwa siki, usiku mmoja, halafu azisuuze kwa maji yenye magadi na kuzikausha. Siki ikamwishia. Kwa kuwa yalikuwepo mabibo yamerundikana nyuma ya kibanda, akayakamua, akatumbukiza patasi kwenye ndoo, akaenda kwao Naliendele siku tatu kwenye msiba. Aliporudi zilikuwa nyeusi tii kama wino, na kwa kweli ndiyo kanuni ya wino wa zamani: ule ukakasi unaokubana ulimi ukila bibo ukikutana na chuma huzaa weusi. Kutu nyekundu ilikuwa imegeuka ngozi nyeusi iliyotulia, na mtu angeweza kuridhika nayo. Mimi sikuridhika, kwa sababu weusi ule ulifunika vishimo na sikuweza kujua vina kina gani. Ikabidi tuukwangue wote. Muhuri wa Sheffield kwenye nusu inchi nene ukaenda na maji. Kijana wa Mikindani hakusema neno, ila aliushika ule upande kwa muda.

Sasa migongo. Kazi hii ndiyo iliyokula siku, na ndiyo iliyozirudisha patasi. Nilichukua kipande cha kioo cha milimita sita, mabaki kwa fundi wa aluminiamu, nikakilaza kwenye ubao ulionyooka na kubandika msasa wa maji juu yake kwa matone machache ya maji. Kioo hakina mawimbi, jiwe letu la kunolea linayo. Nilianza na namba 120. Patasi inalazwa mgongo wote, vidole viwili vya mkono wa kushoto vinabonyeza karibu na mdomo, mkono wa kulia unasukuma tu bila kunyanyua mpini. Ukinyanyua hata unene wa karatasi umeharibu kazi ya nusu saa. Baada ya mivuto thelathini unageuza na kusoma: palipong'aa ndipo palipogusa, palipobaki na giza ni bonde.

Si lazima mgongo wote ung'ae. Sentimita mbili au tatu za mbele zinatosha, maana huko nyuma hakuna makali. Wengi huchoka kwa sababu wanataka patasi ing'ae kama kijiko cha harusi. Nilipoona sentimita mbili hizo zimekuwa rangi moja kutoka pembe hadi pembe, nikapanda namba 220, 400, 1000, nikaishia 2000. Ya robo inchi ilichukua dakika ishirini. Ya inchi moja na nusu ilichukua alasiri nzima na sehemu ya asubuhi ya pili, na vidole vilikuwa vimeungua kwa joto la kusugua. Nusu inchi nyembamba ilibakiwa na kishimo kimoja milimita sita nyuma ya mdomo. Nilikiacha. Makali yatakapofika hapo kwa kunolewa, patakuwa na pengo dogo kwa muda, litapita.

Ile iliyoungua nilitaka kuizimisha upya kwa moto, na nakiri nilikuwa nimeshawasha jiko la mkaa. Tupa ndiyo iliyonizuia. Kama chuma kizima kiko milimita nne nyuma, kwa nini nikiingize chote kwenye moto nisioweza kuupima? Nikakata mdomo ule kwa jiwe lilelile la umeme lililouunguza, safari hii kopo la maji likiwa pajani: gusa, hesabu moja, chovya. Tone la maji likikauka mdomoni, umechelewa. Ilichukua saa moja badala ya dakika tatu. Nilikata milimita tano, tupa ikateleza, nikaridhika.

Mteremko niliupa nyuzi 25 kwa jiwe, halafu ukingo mwembamba wa nyuzi 30 kwa msasa laini, kwa sababu kijana anafanyia kazi mninga na mkongo, miti inayovunja mdomo mwembamba. Asiye na kipimo cha pembe atumie unene wa patasi: urefu wa mteremko ukiwa mara mbili ya unene, hiyo ni nyuzi 30. Ukinoa ipasavyo, unyuzi mwembamba wa chuma hujikunja upande wa mgongo, ukipitisha kidole kutoka nyuma kwenda mbele unaukwaa. Laza mgongo bapa kwenye msasa, vuta mara mbili tatu, unyuzi unaanguka. Hapo ndipo zamani kijana alipokuwa akinyanyua mkono.

Kuhusu mipini tulibishana. Kijana alitaka mpingo kwa zote.

"Fundi, mpwa wa Mmakonde ashike patasi ya mti gani tena?"

Nilimwelewa. Mpingo ni mti wetu, mzito hadi unazama majini, na mabaki yake kwa wachongaji yanapatikana. Lakini ugumu si ustahimilivu wa kishindo. Mpingo ukigongwa mfululizo hupasuka ghafla, na ukiulazimisha msuka ndani ya tundu finyu hupasuka palepale mikononi. Vumbi lake pia linawasha ngozi na kubana kifua, barakoa lazima. Kwa patasi ya kugongwa mimi natumia mpera. Unapatikana uani, nyuzi zake zimeshikana, na ukigongwa unanesa. Shida yake ni kukauka: ukiukata mbichi na kuuanika juani unafunguka kama mua. Nilikuwa na vipande vilivyokaa kivulini miezi minane, vichwa vimepakwa rangi ili unyevu utoke ubavuni polepole. Tukapatana: mpera kwa nne, mpingo kwa ile nusu inchi nyembamba tu, isiyogongwa, inayosukumwa kwa kiganja. Na ule mpini wa zamani ubaki.

Mipini ilikerezwa, na shingoni kila mmoja ukavishwa noleo, pete ya chuma niliyokata kwenye bomba la maji la nusu inchi. Bila noleo msuka unageuka kabari. Msuka ni mwembamba nchani na mpana begani, kwa hiyo tundu nalitoboa kwa keekee tatu: nyembamba hadi mwisho, ya kati hadi nusu, nene kwa kimo cha noleo. Watu wa majembe huuchoma msuka moto na kuuzamisha. Kwa jembe sawa. Kwa patasi mkaa unaobaki ndani unasagika, na mwezi wa pili mpini unacheza. Mimi nausukuma msuka kwa mkono na kuuzungusha kidogo ukwangue pembe zake wenyewe, hadi ubaki upana wa kidole kidogo kati ya bega na noleo. Halafu naishika patasi ikining'inia hewani, mdomo chini, haigusi kitu, nagonga kichwa cha mpini kwa nyundo ya mti wa mkwaju. Uzito wa chuma chenyewe unakibakiza nyuma na mpini unashuka. Kila pigo unaliona pengo linapungua. Mara sita au saba, pengo limefunga. Ukiiegemeza mdomo kwenye bao na kupiga, utaharibu vyote viwili.

Nilipoutoa mpini wa zamani wa robo tatu ili nizibe ufa wake kwa gundi, nikakuta tundu limenyooka kama uzi. Kilichopinda ni msuka. Pengine iliwahi kuanguka, au ilitumika kubandulia mbao. Msuka haukuzimishwa kama mdomo, ni laini, kwa hiyo niliubana kwenye jiliwa na kuunyoosha ukiwa baridi, kwa kuusukuma kidogo kidogo bila kuugonga. Nikafuta yale niliyoandika daftarini. Ningetoboa tundu jipya kwa kuamini macho, ningempa kijana mpini mzuri uliopinda vilevile.

Jambo jingine sikuweza kulifuta. Mdomo wa patasi hiyo ulikuwa umelala, pembe moja iko nyuma ya mwenzake kama milimita mbili. Niliunyoosha kwa guniamita, kile kipimo cha pembe mraba, nikidhani ni unoaji mbaya. Kijana alipokuja kuichukua akaitazama, akasema, "Mjomba alikuwa mtu wa mashoto." Ndipo nikaugeuza mpini ule mweusi na kuona kibonde cha dole gumba, upande wa kushoto, kimechimbwa na miaka. Huenda mlalo ule aliutaka.

Tulizijaribu mbele yake kwenye kichwa cha ubao wa paini. Watu hudhani mti mgumu ndio mtihani, lakini kichwa cha paini ni laini mno, patasi butu inakipondaponda na kukiacha cheupe, patasi kali inakiacha kinang'aa kama kimepakwa mafuta. Tano ziling'arisha. Ya inchi moja na nusu iliacha mistari miwili, nikairudisha kwenye msasa, ikakubali. Nilimtoza elfu arobaini kwa zote, na nikamchomea ule mfuko wa salfa, mbali na kibanda. Sasa zinalala kwenye kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya nazi, ndani ya sanduku la mbao.

Baada ya wiki sita alirudi na nusu inchi nyembamba, mpini wa mpingo umepasuka vipande viwili kutoka juu hadi kwenye noleo.

"Uligonga?"

"Kidogo, fundi. Nyundo ya mti haikuwa karibu."

Nilimtilia mpera. Vipande vya mpingo aliviomba, akaviweka mfukoni. Nilimuuliza ile ya robo tatu inakwendaje, akaitoa na kunionyesha. Yeye ni wa kulia, dole gumba lake halikai kwenye kile kibonde, linapita juu. Nikamwambia naweza kukiziba kwa unga wa mti na gundi, kazi ya dakika kumi. Akaifunga kwenye kitambaa chake.

"Acha hivyohivyo, fundi."

Tangu hapo ameshanoa mara mbili, na mdomo wake, nilipouangalia, umeanza kulala upande wa pili.